Chungu cha Mama Ottilie

Lothar: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, nimesimama mdomoni mwa tanuri!

Annegret: Ni mimi, shemeji. Annegret.

Lothar: Annegret yupi? Ninayemjua mimi saa hizi huwa amelala kwenye kochi, redio ndiyo inamsikiliza yeye.

Annegret: Lothar, usianze.

Lothar: Sijaanza, ndiyo kwanza napasha moto. Hujambo wewe?

Annegret: Sijambo. Za kazi?

Lothar: Kazi inaungua, kama unavyosikia. Leo tunatupa chumvi. Kunibert yuko upande wa pili na koleo lake, mimi huku na langu, tumejaa masizi mpaka kwenye meno. Tukipita mbele ya kanisa hivi tulivyo, padri anafunga mlango.

Annegret: Kwa hiyo una shughuli. Basi nitapiga ba—

Lothar: Ngoja, ngoja! Umenipigia siku ya tanuri. Tangu mdogo wangu Egon akuoe hujawahi kunipigia siku ya tanuri. Hata ile siku alipofa— Kuna nini?

Annegret: Hakuna kitu. Nina kaswali kadogo tu. Ka vyombo.

Lothar: Ka vyombo! Mwanamke ameolewa kwenye ukoo wa wafinyanzi, mpaka mto wake wa kulalia unanuka udongo, leo ndiyo ana kaswali ka vyombo.

Annegret: Si langu. Ni la jirani. Bi. Liesenfeld.

Lothar: Liesenfeld huyu anayenunua kabichi ya kopo?

Annegret: Huyo huyo. Ana chungu cha zamani. Kikubwa. Cha kuchachulia kabichi.

Lothar: (anacheka) Bi. Liesenfeld anachachua kabichi! Basi na mimi kesho naenda kucheza dansi kwenye televisheni. Haya, anasemaje?

Annegret: Anauliza… ule mng'aro wa ndani ya chungu. Ile ngozi iliyo kama kioo. Je, inaweza kutoka?

Lothar: Kutoka iende wapi?

Annegret: Kutoka, Lothar. Kuisha. Kuliwa.

Lothar: Kwenye chungu cha huku kwetu? Thubutu. Cha huku ni udongo wa mawe, shemeji. Tunauchoma mpaka unakuwa jiwe kweli, halafu tunautupia chumvi ndani ya moto. Ile chumvi inaruka mvuke, inashikana na udongo, vinakuwa mwili mmoja. Hapo hata ukitia siki ukaiacha mpaka wajukuu wa— (mkwaruzo) —haitoki ng'o. Mwambie aache kusugua na waya.

Annegret: Haloo? Unakatika.

Lothar: Ni matofali haya, yanakula mawimbi. Nasogea dirishani. Sasa?

Annegret: Sasa nakusikia. Kwa hiyo cha udongo wa mawe hakiliki.

Lothar: Hakiliki. Ni cha kijivu, sivyo? Kina maua ya buluu?

Annegret: Ni cha kahawia.

Lothar: Kahawia ya namna gani?

Annegret: Ya kung'aa. Kama asali iliyoungua. Kina michoro ya njano imetiwa kwa matone, tone, tone, tone. Ndege.

Lothar: Ndege mwenye mkia mrefu?

Annegret: Ndiyo.

Lothar: Mkia umepinda kushoto, kama vile mchoraji alisukumwa na mtu?

Annegret: Ndiyo. Umepinda kushoto.

Lothar: Bi. Liesenfeld amekipata wapi chungu cha mama yangu?

Annegret: Kilikuwa darini.

Lothar: Dari yenu.

Annegret: Yetu. Lothar, usinipigie kelele. Kile cha kijivu kilipasuka mwezi wa tisa, nilikigonga kwenye ngazi. Kabichi nilishaikata tayari, beseni zima, chumvi nimeshatia. Nikapanda darini, nikakiona hiki kimefunikwa gazeti. Nikasema, chungu ni chungu! Nyumba ya watu wa udongo wa mawe tangu babu wa babu yenu, kitu kingine kitaingiaje humu?

Lothar: Mama alikuwa anaweka mayai humo.

Annegret: Najua.

Lothar: Mayai. Unga. Vitunguu vikavu. Siku moja Egon alitaka kuloweka matango humo, akala kofi lililomtoa kofia.

Annegret: Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?

Lothar: Na sisi alituambia? Mama Ottilie alikuwa mtu wa maelezo yule? Kofi ndiyo maelezo. Tukajua tu cha kijivu ni cha vitu vichachu, cha kahawia cha vitu vikavu, tukaenda zetu kucheza. Kile si cha hapa. Baada ya vita tanuri letu lilikaa baridi, makaa hakuna, chumvi hakuna. Akapita mchuuzi na mkokoteni wa vyombo vya mbali huko, Mama akampa viazi. (kwa mbali) Kunibert! Endelea wewe! Nakuja! (kwa simu) Nani amekula hiyo kabichi?

Annegret: Kwanza niambie ni nini.

Lothar: Kwanza nijue mwenyewe ni nini. Huenda tunaogopa bure. Kuna vya kahawia vya kule mashariki, udongo wake mgumu, umechomwa vizuri, havina neno kabisa. Uko nacho hapo?

Annegret: Niko stoo ya chini. Nimebana kichwa kwenye dirisha la makaa ndiyo simu inashika.

Lothar: Kigonge. Kwa kifundo cha kidole, si kwa nyundo, nakujua.

Annegret: (anagonga) Umesikia?

Lothar: Nimesikia mtu anabisha hodi kwenye gunia. Kimejaa?

Annegret: Nusu.

Lothar: Basi hicho si kipimo. Hata kengele ya kanisa ukiijaza kabichi italia hivyo hivyo. Kimwage.

Annegret: Nimwage kabichi yote? Lothar, mikono yangu iliuma siku—

Lothar: Kimwage, shemeji.

Annegret: (kitu kizito kinaburutwa, maji yanamwagika) Nimemwaga. Kwenye ndoo ya bustani.

Lothar: Haya. Gonga tena.

Annegret: (anagonga) Kinasema dup.

Lothar: Dup au ding?

Annegret: Dup, Lothar. Dup! Ninajua ding ilivyo, nimeishi huku kwenu miaka yote!

Lothar: Sawa, sawa. Labda kimepata ufa, chenye ufa hakilii. Tazama ndani. Niambie unachoona, usipambe.

Annegret: Hapo juu, kabichi isipofika, nauona uso wangu.

Lothar: Hiyo nayo adhabu. Na chini?

Annegret: Chini… ndicho kilichonifanya nipige simu. Asubuhi nilipochota, nikaona mstari umezunguka pande zote. Kuanzia kwenye mstari kushuka chini imekufa.

Lothar: Imekufa vipi?

Annegret: Kama jicho la samaki aliyelala sokoni. Haing'ai. Nikipitisha kidole kinatoka na ungaunga mweupe.

Lothar: Usikilambe hicho kidole!

Annegret: Nikilambe kwa nini, mimi mtoto?

Lothar: Kifute. Si kwenye aproni! Kwenye karatasi. Umefuta? Sasa tafuta mahali palipobanduka. Mkononi mwa chungu, mdomoni, popote. Nataka rangi ya nyama yake. Sema kijivu. Sema hata manjano, nitaridhika.

Annegret: Mkono mmoja umemeguka. Ngoja nisogeze taa.

Lothar: Annegret?

Annegret: Nyekundu. Kama kigae cha paa.

Lothar: Tia tone la maji hapo hapo palipomeguka. Tone moja. Tazama.

Annegret: Nimetia.

Lothar: Limekaa?

Annegret: Limeingia. Limenyweka lote.

Lothar: (moto unanguruma)

Annegret: Lothar? Haloo? Umekatika?

Lothar: Nipo.

Annegret: Basi sema.

Lothar: Huo si udongo wa mawe, Annegret. Ni udongo laini, wa moto mdogo, ndugu yake kigae. Bila ngozi ungevuja kama kikapu. Na ngozi inayoyeyuka kwa moto mdogo namna ile, wakati ule walikuwa na njia moja tu ya kuipata. Madini ya risasi.

Annegret: Risasi.

Lothar: Hii waliyoiondoa kwenye petroli na kwenye mabomba ya maji. Ukiweka mayai humo inakaa kimya, haina habari na mtu. Lakini kitu kichachu kinaikamua, kidogo kidogo, kila siku. Huo mstari unaouona, chini yake risasi haipo tena kwenye chungu.

Annegret: Ipo wapi?

Lothar: Nani amekula?

Annegret: Mimi. Kidogo. Jumapili na soseji.

Lothar: Nani mwingine?

Annegret: Bi. Liesenfeld nilimpa—

Lothar: Muache Bi. Liesenfeld wa watu! Mwanao Svenja amekula?

Annegret: …

Lothar: Mungu wangu.

Annegret: Usiseme Mungu wangu. Sema kitu kingine.

Lothar: Mimba ina miezi mingapi sasa?

Annegret: Ameingia wa saba. Anakaa hapa na mimi tangu mumewe Torben aende kule Norwei kwenye mitambo ya mafuta. Ndiyo hamu yake, Lothar! Hataki nyama, hataki keki, anataka kabichi. Anasimama jikoni anaila kwa uma, baridi, kutoka kwenye bakuli, anacheka mwenyewe. Ningemnyima vipi?

Lothar: Kila siku?

Annegret: Kila siku.

Lothar: Na maji yake?

Annegret: Maji yake gani?

Lothar: Ya kabichi. Hajanywa? Niambie hajanywa.

Annegret: Glasi kila asubuhi. Choo kilikuwa kigumu, shemeji, unajua wanawake wakiwa wazito. Mkunga akasema maji ya kabichi yanasaidia, na kweli yanasaidia, mama yangu alitunywesha sote. Mkunga hakujua habari za chungu. Nani angemwambia?

Lothar: Na yalisaidia?

Annegret: Hapana. Choo kikazidi kuwa kigumu.

Lothar: Ukafanyaje?

Annegret: (kwa sauti ndogo) Nikaongeza.

Lothar: Ukaongeza.

Annegret: Glasi mbili. Asubuhi na jioni. Mbona husemi kitu? Lothar, unaniogopesha. Nitukane. Nitanie. Sema chochote.

Lothar: Tumbo linamkata?

Annegret: Usiku. Anajikunja.

Lothar: Kichwa?

Annegret: Anasema ni hali ya hewa. Ukungu wa Novemba.

Lothar: Damu?

Annegret: Daktari kasema imepungua. Kampa vidonge. Ni hiyo? Yote hiyo ni— haloo? Lothar!

Lothar: (mkwaruzo) —sijui. Mimi mfinyanzi, si daktari. Tumbo na kichwa hata mimi ninavyo, na mimi sina mimba. Huenda ni mambo ya kawaida ya wajawazito.

Annegret: Lakini huamini.

Lothar: Sitaki kuamini wala kukataa, nataka apimwe damu. Leo. Nilipokuwa najifunza kazi kulikuwa na mzee mmoja kiwandani, miaka yote kazi yake kupaka ngozi ya risasi kwenye vigae. Fizi zake zilikuwa na mstari wa—

Annegret: Mstari wa nini?

Lothar: Acha. Usimwambie afungue mdomo, utamtisha bure. Yuko wapi sasa hivi?

Annegret: Chumba cha juu.

Lothar: Kile cha…

Annegret: Kile. Wiki iliyopita amekitoa shuka kile kitanda kidogo. Mwenyewe. Tangu tumpoteze yule wa kwanza mwaka juzi hakuna aliyekigusa, mimi nilikuwa napita na kifagio nimegeuza uso pembeni. Wiki iliyopita nikasikia anapiga mluzi humo ndani. Alikuwa anapiga mluzi, Lothar.

Lothar: Nisikilize.

Annegret: Safari hii akipote—

Lothar: Usiitamke! Nisikilize mimi. Hii ni sumu ya polepole, haiui kama nyoka. Ndiyo maana leo ni leo. Kila siku tunayoiwahi ni faida yetu. Kuna simu ya watu wa sumu, wanapokea mchana na usiku, namba yake iko ubavuni mwa dawa yako ya kuua panya. Piga, waambie chungu cha kahawia, udongo mwekundu, ngozi imeliwa, mjamzito. Watakuambia aende wapi, na hospitali wataipigia wao. Umeelewa?

Annegret: Dawa ya panya. Udongo mwekundu. Ndiyo.

Lothar: Chungu usikioshe. Kifunge kwenye mfuko, uje nacho. Na kabichi kidogo kwenye chupa ya kioo.

Annegret: Na vyombo vingine? Ameokota vyombo vingi sokoni kwa vitu vya zamani. Kila Jumamosi anarudi na kitu amekifunga kwenye soksi. Vya mtoto. Ndivyo anavyovipanga huko juu. Kuna kisahani kina tumbo la kutilia maji moto chini ili uji usipoe—

Lothar: Cheupe? Ukikiweka kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako?

Annegret: Ndiyo, pembeni pembeni.

Lothar: Hicho kaure. Kaure haina shida, kikae. Kingine?

Annegret: Vikombe vyeupe vizito, vina nyufa ndogo kama nyavu. Na bakuli lile la rangi ya machungwa, limepulizwa rangi kama jua linazama. La zamani za bibi zetu.

Lothar: Machungwa ya kuwaka, ya kuumiza macho?

Annegret: Ya kuumiza macho.

Lothar: Analifanyia nini hilo?

Annegret: Ndilo analolia kabichi.

Lothar: Uje nalo, rangi ile nayo huwa na sumu. Fungia mfuko wake. Sasa gari lako—

Annegret: Liko kwa fundi. Anatia matairi ya theluji.

Lothar: Leo?

Annegret: Ulisema mwenyewe nisichelewe kama mwaka jana! Nitaita teksi.

Lothar: Teksi ya kutoka wapi, ya mbinguni? Nakuja mimi.

Annegret: Na tanuri?

Lothar: Tanuri lina mdomo, litajiongelea lenyewe. (kwa mbali) Kunibert! Kunibert, bwana! Chumvi yote yako! … Hapana, siumwi! … Ndiyo, najua vyungu ni vya soko la Krismasi! … Vikiharibika tutaviuza kama sanaa! (kwa simu) Anauliza kama nimerogwa.

Annegret: Lothar, kazi yako ya mwaka mzima—

Lothar: Shika simu kwanza, watu wa sumu utawapigia tukimaliza, natafuta funguo. (vishindo, mlango) Ziko wapi hizi… Sasa uende juu ukamwambie.

Annegret: Nitamwambia mkunga amepiga, anataka kumpima damu. Kawaida tu.

Lothar: Halafu afike hospitali daktari amuulize habari za chungu mbele yako, akutazame?

Annegret: Siwezi, Lothar.

Lothar: Utaweza.

Annegret: Ni mimi niliyekuwa namimina! Kila asubuhi, yeye bado yuko kitandani, namletea glasi. Anakunja uso, ananiambia, Mama, leo ina ladha ya sarafu. Mimi namwambia kunywa mwanangu, ni kwa ajili ya mtoto. Kwa ajili ya mtoto! Nilisimama hapo mpaka amalize, nikachukua glasi tupu. Nitamwambia nini? Kwa mdomo upi?

Lothar: (injini inawaka) Huo huo uliomwambia kunywa.

Annegret: Una roho mbaya.

Lothar: Ninayo. Na ninayo gari lenye mafuta. Nitoke hivi, nishuke bondeni, niko mlangoni kwako kabla hujamaliza kulia. Kalie ngazini, si mbele ya— (mkwaruzo mrefu)

Annegret: Haloo? … Lothar? … Haloo?

Lothar: —naona mti, sioni barabara, ukungu huu! Unanisikia?

Annegret: Nakusikia. Lothar, anashuka.

Lothar: Nani?

Annegret: Svenja. Nasikia ngazi. (kwa mbali, kwa sauti ya juu) Niko huku chini, mwanangu! Usije, kuna maji sakafuni! … Hapana, sina mgeni, ni baba yako mkubwa kwenye simu! … Anakusalimu! (kwa simu, kwa kunong'ona) Anauliza kabichi iko wapi. Ana bakuli mkononi.

Lothar: Mnyang'anye.

Annegret: Nimnyang'anye niseme nini?

Lothar: Annegret, mnyang'anye hilo bakuli!

Annegret: (kwa mbali) Svenja, weka hiyo chini. … Weka tu. … Kwa sababu nimesema! … Si kwamba nimekasirika. Silii. Ni vitunguu. … Najua hapa stoo hakuna vitunguu. … Mwanangu, usiguse ndoo! Usiguse!

Lothar: Annegret. Mpe simu.

Annegret: (kwa simu) Ameshaiona. Ameiona kabichi kwenye ndoo ya bustani. Ananitazama. Lothar, ananitazama.

Lothar: Mpe simu.

Svenja: Baba mkubwa?

Lothar: Svenja, mwanangu. Hujambo?

Svenja: Sijui kama sijambo. Mama amekaa sakafuni kwenye maji, amekumbatia chungu cha bibi, na kabichi yangu yote iko kwenye ndoo na matope. Amegoma kusema. Kuna mtu amekufa?

Lothar: Hakuna aliyekufa.

Svenja: Torben?

Lothar: Torben mzima, anakula samaki huko. Svenja, vaa koti. Vaa na viatu, vile vya kamba, si ndara. Nakuja kuwachukua, niko hapa kwenye kona ya kiwanda cha matofali.

Svenja: Baba mkubwa, leo ni siku ya tanuri.

Lothar: Ndiyo.

Svenja: Wewe huachi tanuri. Hata siku ya mazishi ya Baba ulikuja na masizi. Ni mtoto?

Lothar: Ni chungu.

Svenja: Chungu kimefanya nini?

Lothar: Hakikuwa chungu cha kuchachulia. Ngozi yake ya ndani ina madini ya risasi, na kabichi imeikamua. Hatujui imetoka kiasi gani. Yawezekana kidogo tu. Unakwenda kupimwa damu, wanajua la kufanya, wana dawa zao. Mimi nakuambia ninachokijua, sikufichi kitu.

Svenja: Nilikuwa nakunywa maji yake.

Lothar: Najua.

Svenja: Mama alikuwa ananiletea kitandani.

Lothar: Najua, mwanangu. Kwa hiyo hapo ulipo usimtazame vibaya. Hata ukitaka. Utamtazama vibaya mwezi ujao, nitakushikia taa.

Svenja: Simtazami vibaya. Ninaogopa, baba mkubwa.

Lothar: Hata mimi. Shikilia ukuta. Nambie, mtoto… leo umemsikia? Anacheza?

Svenja: Asubuhi, nadhani. Au jana. Sikumbuki. Nilikuwa napanga sahani, sikuangalia. Kwa nini unauliza hivyo? Kwa nini sauti yako iko hivyo?

Lothar: Sauti yangu ni moshi wa tanuri. Kaa chini. Kaa kwenye ngazi, utulie, uweke mkono.

Svenja: Simu ya Mama inalia, betri inakwisha.

Lothar: Achana na betri. Umekaa?

Svenja: Nimekaa. (kimya) Hakuna. (kimya) Baba mkubwa, hakuna kitu.

Lothar: Tulia. Mpe nafasi. Naona taa za kijiji, nafika.

Svenja: (simu inalia mlio mfupi) Mama. Mama, acha hicho chungu. Njoo. Njoo hapa ukae. Lete mkono wako. Si huo wa maji, huo mwingine. Hapa. Hapana, chini kidogo. Bonyeza kidogo. Ngoja… Hapo! Umes—

Lothar: Amesikia nini? Svenja! … Haloo? … Annegret! Amesikia nini? … Haloo?